Gigabaiti Kumi

Katangi,
Jumapili, tarehe 16 Novemba.

Dada yangu mpendwa Munyiva,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa nyumba yangu yote. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji Mutunga, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu uanze ile dawa ya kupaka. Huku sisi ni wazima, ingawa mimi ni mzima wa kutembea tu. Mwili umechoka kama wa mtu aliyelima mashamba mawili kwa jembe moja. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, kisha ikatuacha tukiangalia juu. Pojo zimetoka vizuri, mbaazi zimeshika, mahindi bado sijui. Mke wangu Mukai anasema upande wa chini atapanda mtama na hataki kusikia neno la mtu.

Najua utashangaa kupokea barua wakati simu ziko. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza habari za mbuzi. Ndiyo nikaona heri niandike, nimpe Winfred jirani yako ambaye alikuja huku mazishini, maana anarudi Kibwezi kesho asubuhi. Nakuomba uvae miwani yako, ukae chini, na uisome yote kabla ya kunipigia. Inamhusu binti yako Lavender, na si ile habari uliyoisikia mwezi wa nane.

Nianzie mbali kidogo, ndiyo uelewe.

Unakumbuka nilipokuambia kwamba zahanati yetu ya kanisa imepata kompyuta mbili, moja ya mapokezi na nyingine ya chumba cha daktari. Zilikuja zikiwa na programu za zamani, zinajizima zenyewe, zinajaa virusi. Mwaka jana mwezi wa tatu, Sista Pauline, ambaye ndiye msimamizi wetu, aliniita akaniuliza kama ninaweza kuweka mfumo mwingine, ule unaoitwa Linux, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba hausumbuliwi sana na virusi. Nilimjibu kwamba ninaweza. Wewe unajua nilisomea kompyuta nikiwa na miaka arobaini na minane, darasani nikikaa na watoto wa rika la wanangu, wakiniita mzee. Cheti changu nilikitundika ukutani pale ofisini. Basi mtu anapokuuliza kama unaweza, na cheti kinakuangalia, utasema nini?

Nilifanya kazi hiyo Jumamosi moja alasiri, zahanati ikiwa imefungwa. Kuweka mfumo wenyewe si kazi ngumu, dada. Mashine inakuuliza maswali, unajibu. Lakini kuna swali moja linakuja mapema, kabla hujaweka chochote: utaigawa vipi diski? Diski ni kama ghala. Unaweza kuliacha likawa chumba kimoja kikubwa, au ukalipiga kuta, chumba hiki cha mfumo, hiki cha faili za watu, hiki cha vitu ambavyo mashine inaviandika yenyewe kila siku. Hicho cha mwisho kinaitwa var. Ukishapiga kuta na kuanza kuweka vitu, kuzisogeza baadaye ni kazi ya hatari. Kwa hiyo inabidi uamue siku ya kwanza, kabla hujajua mavuno yatakuwaje.

Nilimpigia Jeff, yule kijana anayetengeneza kompyuta mjini Machakos. Aliniambia kwamba kama sina hakika, niache chumba kimoja tu, mfumo utajipanga wenyewe. Nikamwambia asante. Nilipokata simu, nikajisemea kwamba hayo ni mambo ya wanaoanza. Kwenye daftari langu la chuo nilikuwa nimeandika kwamba wataalamu hutenganisha vyumba. Nikatenganisha.

Diski ilikuwa ya gigabaiti mia tano. Mfumo niliupa arobaini. Kile chumba cha var nilikipa kumi, kwa sababu mfano uliokuwa kwenye daftari ulisema kumi inatosha. Zote zilizobaki, zaidi ya mia nne, nikazipa chumba cha faili za watu. Nilikuwa na sababu. Sista alikuwa amesema tutapiga picha kadi zote za wagonjwa za miaka arobaini, zile zinazoliwa na mchwa kule stoo, na nilitaka kuwe na nafasi ya kuziweka. Dada, mpaka leo hakuna hata kadi moja iliyopigwa picha. Mia nne hizo zimekaa tupu.

Rekodi za wagonjwa walio hai, wanaokuja kila siku, programu yetu ilikuwa inaziweka ndani ya var. Na kila jioni mashine ilikuwa inatengeneza nakala ya rekodi hizo, endapo kitu kitaharibika, na mimi mwenyewe niliiamuru iziweke nakala hizo humo humo, kwenye gigabaiti kumi.

Baada ya hapo ndipo Lavender akaja. Wewe ulinipigia ukaniomba nimtafutie nafasi, amemaliza kozi ya rekodi za hospitali na anakaa bure. Nilimpeleka kwa Sista, akaulizwa maswali, akapita kwa uwezo wake. Nataka ujue hilo, hakuingia kwa mgongo wangu. Na kazi aliifanya. Asubuhi alikuwa anafika kabla yangu, anafagia mwenyewe pale mapokezi, anawasalimia wazee kwa Kikamba, anawauliza habari za kwao kabla ya kuwauliza ugonjwa. Watu wengine walikuwa wanaombea foleni iende polepole ili waongee naye.

Utaratibu ulikuwa hivi. Daktari Makau anampima mgonjwa, anaandika kwenye karatasi ndogo. Lavender anaingiza kwenye mashine yale yaliyoandikwa, na mashine inamwandikia: Imehifadhiwa. Kila Ijumaa karatasi zile zinachomwa, kwa sababu halmashauri ya zahanati ilisema tumalizane na makaratasi.

Sasa nije kwa Mzee Mulwa. Huyu humjui. Ni mzee wa upande wa mtoni, mjane, hajasoma, mtu wa heshima zake. Mwezi wa saba, tarehe kumi, alikuja na vipele mwili mzima. Daktari Makau akagundua kwamba damu yake haipatani na dawa za salfa, akaandika kwenye karatasi kwamba mzee huyu asipewe salfa tena maishani mwake. Karatasi ikapelekwa kwa Lavender.

Tarehe ishirini na tisa mzee akarudi, safari hii tumbo. Daktari Makau alikuwa likizo, kuna kijana alikuwa ameshika nafasi yake. Lavender naye siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa aende Machakos kuchukua cheti chake. Mimi ndiye nilikuwa nimeketi mapokezi. Mzee akamwambia yule kijana kwamba kuna dawa iliwahi kumwasha, lakini jina halijui, vilikuwa vidonge vyeupe. Kijana akaniita akaniuliza mashine inasema nini. Nikatafuta jina la mzee. Ziara yake ya tarehe kumi haikuwepo kabisa. Nikamjibu kwamba hakuna kitu, mzee hana shida na dawa yoyote. Mzee akarudia tena kwamba iko dawa ilimwasha. Nikamwambia, na sauti yangu naisikia mpaka sasa, “Mzee, ingekuwepo ingeonekana hapa.”

Alipewa salfa. Siku ya pili ngozi ilianza kumtoka kama ya mtu aliyeungua na maji ya moto, midomo ikafungana. Majirani walimbeba mpaka barabarani, akapelekwa hospitali kubwa Machakos, akalazwa wiki tano. Jicho moja halioni vizuri tena.

Sista Pauline alitaka kujua ilikuwaje. Daktari Makau alirudi, akaapa kwamba aliandika ile karatasi. Mashine ilipofunguliwa ikaonekana kwamba si Mzee Mulwa peke yake. Tangu tarehe saba mwezi huo hakukuwa na mgonjwa hata mmoja aliyeingizwa. Siku kumi na saba za kazi, wagonjwa zaidi ya mia tatu, hakuna. Karatasi zilikuwa zimeshachomwa.

Lavender akaitwa mbele ya halmashauri. Alisema aliwaingiza wote, mmoja mmoja, na kila mara mashine ilimwambia Imehifadhiwa. Mwenyekiti akamuuliza sasa wamekwenda wapi. Akasema hajui. Mwingine akasema vijana wa siku hizi ni simu mkononi kutwa nzima. Akaanza kulia, lakini bado alikuwa anajibu. Kisha akanigeukia mimi, akasema, “Mjomba, waambie. Wewe unaijua mashine.”

Sista akaniuliza kama mashine inaweza kuwa na kasoro. Nikaomba nipewe muda niikague. Wakanipa mpaka kesho yake.

Nilifunga mlango, nikakaa. Sikuhitaji mpaka kesho. Ilinichukua robo saa.

Chumba cha var kilikuwa kimejaa. Asilimia mia moja. Zile nakala za kila jioni zilikuwa zimerundikana miezi kumi na sita, zikala nafasi yote, na kuanzia tarehe saba hakukuwa na mahali pa kuweka mgonjwa hata mmoja. Ile programu ya mapokezi, ambayo tulitengenezewa na mwanafunzi mmoja wa kujitolea, haikujua kulalamika. Ilikuwa inasema Imehifadhiwa hata pale ilipokuwa haijahifadhi chochote. Majina yalikuwa yanabaki kwenye kioo mpaka jioni, mashine ikizimwa yanapotea. Binti yako alikuwa anamwaga maji kwenye mtungi uliojaa, na hakuwa na namna ya kuona.

Na si hilo tu. Mashine ilikuwa imenionya. Kuna faili ya maonyo ambayo kazi yangu ni kuisoma kila mwezi. Tangu mwezi wa tano ilikuwa inasema nafasi inaisha. Mwezi wa sita niliisoma, dada. Niliona imebaki sehemu ndogo. Nikasema nitaishughulikia tukimaliza ripoti ya katikati ya mwaka. Halafu nikasahau, au nikajifanya nimesahau. Sijui tena ni lipi.

Sasa naandika lile lililonifanya nishindwe kuongea kwa simu.

Sikutoka nje kuwaita. Nilikaa nikakiangalia kile cheti changu. Nikafikiria miaka yangu, nikafikiria nitaitwaje hapa Katangi. Halafu nikazihamisha zile nakala zote, nikazipeleka kwenye kile chumba kikubwa kilichokuwa tupu. Var ikapumua. Nikajaribu kuingiza mgonjwa wa uongo, akaingia. Nikamfuta. Nikaifuta na ile faili ya maonyo. Kesho yake nikasimama mbele ya halmashauri nikawaambia kwamba nimeikagua mashine na mashine iko sawa.

Haikuwa uongo, ukiyapima maneno yenyewe. Wakati huo mashine ilikuwa sawa.

Lavender hakulia siku hiyo. Aliniangalia mara moja, akachukua mkoba wake. Walimwandikia barua ya kufukuzwa kwa uzembe, na nakala moja ikapelekwa kwa paroko. Ndiyo hiyo shemeji Mutunga aliisikia kwa watu, na ndiyo hiyo ulinipigia ukilia, ukasema mtoto wako karibu amuue mzee wa watu kwa sababu ya simu, na kwamba asikanyage kwako mpaka aende akapige magoti mbele ya huyo mzee. Na mimi nilikujibu nini? Nilikuambia tumwachie Mungu. Nilisikia ukipenga kamasi, nikakuambia tumwachie Mungu.

Tangu siku ile sijapumzika. Watu wanafikiri ni sukari inayonikondesha. Chakula nakila nusu. Kanisani nakaa mstari wa nyuma na nikisikia watu wakisali “nimekosa” natoka nje kama mtu anayeenda haja. Kazi yake pale mapokezi walinipa mimi nifanye mpaka wapate mwingine, kwa hiyo kila siku nimekuwa nikikaa kwenye kiti chake, nikiona Imehifadhiwa, Imehifadhiwa, mpaka jioni.

Wiki mbili zilizopita Mzee Mulwa alikuja kliniki ya macho. Ameisha, dada. Ngozi imeshika mabaka mabaka, anatembea akishikilia ukuta. Alipofika mapokezi aliuliza yule msichana mpole yuko wapi. Nikamwambia aliacha kazi. Akasikitika. Akasema yule alikuwa mtu. Akanieleza kwamba ile siku ya vipele, msichana alipomaliza kuandika alimsomea kwa Kikamba kile alichokiandika, neno kwa neno, na akamwambia ajifunze kusema “salfa”, akamfanya alirudie mara tatu kama mtoto wa nasari. Mzee akacheka kidogo. Akasema kosa ni lake yeye, neno lenyewe lilimtoka kichwani alipofika nyumbani.

Kosa ni lake yeye! Aliniambia hivyo, mimi, na hilo jicho lake.

Nilimshika mkono nikampeleka mpaka chumba cha macho, nikarudi nikakaa. Sikuweza kuandika jina lake.

Nilivumilia siku nyingine chache, nisikudanganye kwamba nilisimama papo hapo. Jumatatu iliyopita ndipo niliingia kwa Sista Pauline, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe: gigabaiti kumi, maonyo, zile nakala nilizozihamisha, na ile kesho yake. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni aliniuliza swali moja tu, kama Lavender anajua. Nikamwambia hajui, lakini nafikiri alishuku, kwa vile alivyoniangalia. Sista akavua miwani. Kisha akaniambia niandike, niweke sahihi.

Halmashauri ilikaa Alhamisi. Nimeachishwa kazi, na sikuomba nihurumiwe. Ile barua ya kumfukuza Lavender imefutwa, wamemwandikia nyingine ya kumwomba radhi na kumwita arudi. Jumapili hii ya leo paroko ameitangaza mbele ya watu kwamba binti huyo hakukosa, na aliyekosa ni mimi, kwa jina langu, Kiema, kwa sababu niliomba iwe hivyo. Mukai alikaa kando yangu. Wakati wa kurudi alitembea mbele yangu njia nzima, lakini chai ameniwekea.

Ijumaa Jeff aliletwa kuipanga mashine upya, na Sista akaniomba nije niwaonyeshe vitu viko wapi. Lilipofika lile swali la kugawa, Jeff akanigeukia kwa mazoea, akauliza var tuipe ngapi. Nikamwambia amuulize Daktari Makau wagonjwa ni wangapi kwa siku, aanzie hapo. Nilisimama mlangoni mpaka wakamaliza, kisha nikamkabidhi Sista funguo.

Kwa Mzee Mulwa nilikwenda jana, kwa miguu. Nilipiga magoti, kwa sababu hayo magoti ulimtaka mwanao ayapige, kumbe yalikuwa yangu kuyapiga. Mzee alisikiliza, akauliza kama ni kweli ile mashine ilikuwa haiandiki. Nikasema ni kweli. Akasema basi si yeye peke yake aliyesahau. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Nitakuwa nikimpalilia shamba msimu huu, hilo alikubali.

Lavender yuko Athi River, kwenye viwanda vya nguo vya EPZ, tangu mwezi wa tisa. Anashona mifuko ya suruali, mfuko wa kushoto peke yake, kutwa nzima akiwa amesimama. Najua kwa sababu rafiki yake aliniambia, maana simu yangu yeye hakuwa anaishika. Najua pia kwamba alikuja mpaka Kibwezi mwezi wa kumi, akafika stendi, akarudi. Hilo nadhani wewe hulijui. Jumatatu nilipotoka kwa Sista nilimwandikia ujumbe mrefu, nikamweleza kila kitu, nikamwambia sina haki ya kumwomba lolote. Alikaa kimya siku tano. Jana jioni nilipotoka kwa mzee ndipo jibu likaingia. Halikuwa na matusi, na sikuona salamu. Lilikuwa na maneno machache tu: “Nimesoma, Mjomba. Mama umemwambia?”

Hakuuliza habari za kazi, wala kama nimefukuzwa. Aliuliza hilo tu. Nami nimekaa leo tangu tutoke kanisani ili kesho niweze kumjibu kwamba ndiyo.

Dada, hasira yako naingoja na ninaistahili, lakini nakuomba simu ya kwanza usinipigie mimi. Namba yake mpya nimeiandika nyuma ya bahasha. Anatoka kazini saa kumi na moja jioni.

Nisalimie shemeji Mutunga na majirani wote. Mukai anakusalimu na amekufungia pojo kidogo kwa Winfred. Mungu akutunze wewe na hilo goti.

Ndimi ndugu yako,
Kiema